Ndugu haonekani kanisani: namna ya kumwendea bila kumkimbiza

Kila tukiongeza watu kwenye kundi letu la kutembelea, maswali ni yale yale. Nikifika niseme nini? Akilia nifanyeje? Je, asipofungua mlango? Na lipo lile ambalo watu huona haya kuliuliza kikaoni, wakaja kuninong'oneza nje: "Mama, mimi sijui kuhubiri, nitafaa kweli?" Utafaa. Wanaotusumbua ni wale wanaojua sana kuhubiri, maana hao inabidi kwanza tuwafundishe kunyamaza.

Kazi hii nimeifanya hapa Kigoma mjini, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, miaka ya kutosha kukosea karibu kila kinachoweza kukosewa. Ni kumwendea Mkristo aliyechoka, aliyepoa, aliyeacha kuja, na kukaa naye mpaka apate nguvu ya kupiga hatua nyingine. Tunapenda sana kusoma Waebrania 10:25, "wala tusiache kukusanyika pamoja", na mara nyingi tunausomea watu ambao siku hiyo hawapo. Mstari wa 24, unaoutangulia, unasema na sisi tuliopo: "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri". Mwongozo huu ni wa mstari wa 24.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Mwenzako mmoja. Yesu aliwatuma wawili wawili, na ilikuwa na maana yake. Watatu wanaanza kuonekana baraza la usuluhishi. Anayetembelewa akiwa mwanamke anayeishi peke yake, lazima kati yenu awepo mwanamke.
- Kitu mkononi. Mkono mtupu haulambwi. Nusu kilo ya sukari, mche wa sabuni, chupa ndogo ya mawese, vinatosha. Usibebe cha kumtia mtu deni la shukrani.
- Biblia ndogo, ya kuingia mfukoni au kwenye pochi. Ile kubwa yenye zipu na kalamu za rangi iache nyumbani. Ukionekana nayo uchochoroni, majirani wameshajua mnakwenda kwa nani na kwa nini.
- Saa moja na nusu isiyo na shughuli nyingine, na simu iliyozimwa sauti.
- Kalenda ya mwezi. Ndiyo, mwezi wa angani. Nitaeleza.
- Taarifa kwa mchungaji au mzee wa kanisa kwamba unakwenda. Taarifa tu, ripoti asiisubiri.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza kama kweli amepotea

Tulikuwa na ndugu mmoja mvuvi wa dagaa. Jumapili ya kwanza hakuonekana, ya pili hakuonekana, na ya tatu tukamtaja kwa jina kwenye maombi ya "waliorudi nyuma". Jumatano yake nikakutana naye mwaloni Kibirizi, suruali imekunjwa mpaka magotini, anahesabu ndoo. Akanisalimia kwa furaha, "Bwana asifiwe mama, giza likiisha nitakuja." Hakuwa amerudi nyuma popote. Alikuwa kazini.

Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu mbalamwezi huishinda taa, wavuvi wengi wakapumzika, wakashona nyavu na kulala na familia zao. Siku za giza wanatoka jioni na kurudi alfajiri, kisha samaki lazima wauzwe asubuhi ile ile. Ibada ya saa tatu kwa mtu huyo ni kama ibada ya usiku wa manane kwako. Sasa mpigie hesabu: Jumapili mbili tatu za mwezi zikiangukia giza, utamwona mara moja, na wewe umeshamwandika kwenye orodha ya waliopoa.

Ulizia pia kama amesafiri kulima Kasulu, kama anauguza, kama zamu za kazi zimebadilika. Muulize mtu wa nyumbani kwake, au jirani anayempenda. Usimuulize anayejua habari za kila mtu. Huyo atakueleza mpaka yasiyokuwepo.

Hatua ya 2. Chagua wakati wake, usichague wako

Mvuvi mwendee wakati wa mbalamwezi, saa nne asubuhi au jioni. Mama anayeanika dagaa usimwendee jua la saa sita, ndiyo saa yake ya kugeuza. Mwenye genge mwendee saa tisa, wateja wakipungua. Mwalimu, Jumamosi.

Wageni wengi hukosea hapa: wanakwenda Jumapili mara tu baada ya ibada, wamevaa nguo za kanisani, kundi zima. Kwa aliyekosa ibada asubuhi ile, huo ni msako. Nenda katikati ya wiki, na nguo za kawaida.

Hatua ya 3. Tuma salamu fupi

Mfano unaofaa: "Bwana asifiwe dada. Mimi na Mama mdogo tutapita kesho jioni kukusalimia. Hatukai sana." Basi.

Usiandike "mbona huonekani kanisani?" Swali hilo kwenye simu linamlazimisha mtu atunge jibu, na akishatunga uongo mdogo atauonea haya mtakapoonana. Unamwongezea mzigo kabla hujafika. Akikujibu "kesho sipo", mwandikie "sawa, tutapanga siku nyingine", na usimchunguze.

Hatua ya 4. Fika, salimia, shika kazi

Salamu usizikate. Huku kwetu salamu ni ndefu, na mtu wa Buha, nchi ya Waha, ukimharakisha kwenye salamu ameshakuhesabu kuwa una haraka ya kuondoka. Mwakeye, za watoto, za mama, za shamba, za mvua. Kisha angalia kazi iliyopo pale na uishike.

Nitaeleza siku moja kwa kirefu, maana ndiyo iliyonifundisha. Mama mmoja alifiwa na mumewe, na baada ya miezi mitano akaacha kuja. Wawili tulishamwendea mara ya kwanza tukakaa kwenye viti kama wakaguzi. Soda zikaletwa, tukasoma zaburi, tukaomba, tukaondoka, na hakusema neno zaidi ya "amina". Mara ya pili tulimkuta uani, turubai limetandikwa, anachambua dagaa waliokaukia mchangani. Mwenzangu hakungoja kiti. Alivua viatu, akakaa chini, akavuta ungo. Na mimi nikakaa. Tukachambua. Kokoto huku, vipande vya makombe huku, dagaa waliovunjika kwenye kikombe cha kuku. Kazi ile inataka macho yatazame chini, vidole viende vyenyewe, na hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Ungo wa kwanza ukaisha kimya. Tulipokuwa katikati ya wa pili akasema, bila kuinua kichwa, "Nikija kanisani nakaa upande ule ule tuliokuwa tunakaa naye. Wimbo ukianza namsikia anavyokosea sauti." Hatukujibu. Akaendelea. Alisema mpaka jua likatua.

Marafiki wa Ayubu watatu tunawalaumu, lakini mwanzo wao ulikuwa mzuri kuliko wetu: waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Waliharibu walipofungua midomo.

Hatua ya 5. Uliza swali moja, kisha nyamaza

Maswali yanayofungua: "Usiku unalala?" "Siku zinakwendaje sasa?" "Ni kipi kinachokuchosha zaidi?" Ukishauliza, hesabu moyoni mpaka ishirini. Kimya kitakuuma wewe zaidi kuliko yeye. Vumilia.

Usiseme haya, hata kama yamekufika mdomoni:

- "Hata mimi iliwahi kunitokea..." Umechukua zamu yake.
- "Mungu ana makusudi." Huenda. Wewe huyajui.
- "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Soma vizuri, maneno haya Ayubu aliyasema mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna aliyemwendea kumwambia.
- "Wenzako wana shida zaidi." Mtu mwenye jino bovu halimtulii kwa kusikia kuna aliyevunjika mguu.

Hatua ya 6. Tambua ni uchovu wa namna gani

Hili ndilo wanaoanza hulikosea kuliko yote, kwa sababu tumezoea kuona kila uchovu ni wa kiroho na dawa yake ni kufunga na kuomba.

Uchovu mwingine ni njaa. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kupumzisha samaki, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu kamili, kuna familia zilitoweka kwenye viti vyetu. Tulidhani wamekata tamaa na Mungu. Ukweli ulikuwa mfupi zaidi: kapu la sadaka linapita mbele yao, jina lao liko kwenye orodha ya ahadi za ujenzi inayosomwa kwa sauti, na mfukoni hakuna kitu. Walikimbia aibu. Baba mmoja aliniambia angeweza kukosa chakula na bado akaja, lakini hakuweza kusomwa jina. Kwa mtu kama huyo andiko la kuvumilia majaribu ni jiwe mahali pa mkate. Peleka unga, kisha nenda kwa mhazini umwombe, kwa upole, aache kusoma ile orodha. (Nililifanya. Sikupendwa wiki hiyo.)

Tazama Eliya katika 1 Wafalme 19. Amekaa chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumkumbusha moto ulioshuka Karmeli. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Palikuwa na mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, malaika akarudi mara ya pili na chakula. Swali la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye, baada ya chakula, usingizi na safari ya siku arobaini. Sisi tunaanza na swali.

Uchovu wa msiba unataka muda na mtu wa kukaa naye. Uchovu wa ugomvi, pale mtu alipoumizwa na mwenzake kanisani, au na kiongozi, usiuamue uani kwake. Sikiliza, usiseme "fulani hana nia mbaya", na muulize kama angependa uwepo siku wakikutana wawili. Uchovu wa dhambi una harufu yake: mtu anacheka sana, anabadili mada, anakuaga mapema. Hapo Wagalatia 6:1 inasema "kwa roho ya upole", ikaongeza ujiangalie mwenyewe. Na shaka, yaani mtu kusema "sijui tena kama Mungu anasikia", si uasi. Nusu ya Zaburi ingebidi tuitoe kanisani.

Hatua ya 7. Andiko moja, ombi fupi

Moja. Usifungue mnyororo wa mistari. Kwa wavuvi napenda Luka 5:5, "tumefanya kazi ya kuchosha usiku kucha, tusipate kitu", na mara nyingi naishia hapo hapo kwanza, maana mtu wa Kibirizi akisikia kuwa sentensi yake mwenyewe imo ndani ya Biblia, uso unabadilika. Sehemu ya pili, "lakini kwa neno lako nitazishusha nyavu", wengi humalizia wenyewe.

Kwa aliyeanguka, Yohana 21. Petro amemkana Bwana, amerudi ziwani, amekesha bure. Anapofika ufukweni anakuta moto wa makaa, samaki na mkate. Wanakula. Wakiisha kula ndipo anaulizwa kama anampenda.

Ombi lisizidi dakika mbili. Ombea alichokutajia, kwa maneno yake. Kosa la kawaida ni kuhubiri ukiwa umefumba macho: "Bwana, mfundishe mtumishi wako ajue umuhimu wa ibada..." Anakusikia, na anajua humwambii Bwana.

Hatua ya 8. Ondoka na siku ya kurudi, usiondoke na ahadi yake

Usiulize "Jumapili tukutarajie?" Atasema ndiyo ili uondoke, na asipokuja atakuwa na deni la pili. Sema wewe utakachofanya: "Alhamisi nitapita kuchukua ungo niliousahau." Mimi huwa nausahau makusudi.

Hatua ya 9. Rudi

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo wengi huishia. Ziara ya kwanza kila mtu anaiweza, ina msisimko wake. Ya nne, wakati hakuna kilichobadilika na mvua ya Novemba imeharibu njia ya Buzebazeba, inataka mtu. Tunafuata mpango huu: ndani ya siku tatu, baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, kisha kila mwezi mpaka mwaka utimie. Ziara nyingine ni ya dakika kumi mlangoni. Andika siku hizo kwenye kalenda ile ile yenye mwezi.

Paulo akiwa na minyororo Rumi alimkumbuka Onesiforo kwa mambo mawili: "mara nyingi aliniburudisha", na "alinitafuta kwa bidii akanipata". Shika hilo "mara nyingi". Hakuna hata mstari mmoja wa mahubiri ya Onesiforo uliohifadhiwa.

Siku akirudi kanisani, usimsimamishe mbele. Usimpigie makofi. Kaa naye benchi moja, mpe kitabu cha nyimbo, na ibada ikiisha mzungumzie bei ya migebuka.

Hatua ya 10. Funga mdomo

Hapa Ujiji, mwaka 1871, Stanley alimkuta Livingstone akiwa mgonjwa, ameishiwa, mali zake zimeuzwa na aliyekabidhiwa. Wageni wanaokuja kuona mahali pale hukumbuka ile salamu maarufu. Mimi hukumbuka kwamba alimletea chakula na barua za kwao, na kwamba alikaa naye miezi kadhaa, wakasafiri pamoja ziwani na baadaye mpaka Tabora. Hilo liige. Lakini Stanley alikuwa mwandishi wa gazeti, alitumwa kutafuta habari, na habari akaiuza. Hilo usiliige. Ulichoambiwa uani hakiwi ombi la kikundi cha wanawake, hakiwi mfano wa mahubiri "bila kutaja jina" (mji huu ni mdogo, jina halihitajiki), na mumeo pia si lazima ajue. Nilishawahi kumpoteza dada mmoja moja kwa moja kwa "ombi la siri" nililompa mtu mmoja tu.

Mambo yakikwama

*Hafungui mlango, nawe unasikia redio ndani.* Acha sukari kwa jirani au dirishani, sema kwa sauti ya kawaida "tulipita kukusalimia, tutapita tena", ondoka. Usigonge mara ya nne. Rudi baada ya wiki mbili.

*Mume hataki muingie.* Msalimieni yeye, mzungumze naye hapo barazani, muondoke. Baada ya ziara tatu za kumsalimia yeye tu, milango mingi hufunguka. Ukiona dalili za kipigo, hilo si suala la kuvumilia na kuombea tu. Mweleze mama huyo kuwa polisi kuna dawati la jinsia, na mpeleke yeye akiwa tayari.

*Anaomba pesa.* Kubaliana na mwenzako kabla ya kwenda: kundi letu halitoi fedha mkononi wala halikopeshi. Tunaleta chakula, au tunalipia dawa dukani wenyewe.

*Amehamia kanisa lingine.* Mshukuru Mungu, kunywa chai, muulize wanaimba nyimbo gani. Umekwenda kumtafuta ndugu, hukwenda kuhesabu washirika.

*Anasema ameacha dawa kwa sababu ameombewa.* Usibishane mbele za watu. Mwombe mwende pamoja kliniki, na kaa naye kwenye foleni.

*Anasema afadhali afe.* Usimkemee, usiseme ni pepo, na usimwache peke yake. Muulize wazi kama amefikiria kujidhuru. Mwite ndugu yake anayemwamini, ondoeni sumu na kamba mahali alipo, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Maweni, hapa mjini, wanapokea usiku.

*Analia na mimi nalia.* Lia. Beba leso mbili.

*Mimi mwenyewe nimechoka, sina la kumpa mtu.* Mwaka jana nilifikia hapo. Nikamwambia mwenzangu wa ziara kwamba sitakwenda tena, akasema sawa. Alhamisi saa kumi jioni akabisha hodi kwangu, akakaa chini jikoni bila kukaribishwa, akauliza kisu kiko wapi, akaanza kumenya muhogo.